Ndege Yako Haitakuwa Feni

Kaka Deo,

Nimekataa. Nataka ulijue hilo kabla hata ya salamu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwamba nikikanyagwa mguu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Safari hii nimekataa kwa sauti, mbele ya ukoo mzima na kwaya na majirani. Miguu haikuondoka pale iliposimama.

Nianzie mwanzo. Tangu tukuzike sijakueleza kitu. Pale kaburini watu walikuwa wengi, na mimi mbele za watu unanijua.

Siku chache baada ya mazishi, Baba mdogo Yoramu aliingia chumbani kwako akiwa na Baba. Walikuwa wanatazama vitu vyako, nani apewe nini. Mashati, godoro, redio. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona na kitabu, nikijifanya nasoma. Baba mdogo akanyoosha mkono akaishusha ndege yako ya rimoti kwenye boriti. Akazungusha panga la puani mwa ndege kwa kidole, likazunguka muda mrefu bila kelele. Akasema, "Motor hii ni tamu. Naifanyia feni ya saluni yangu. Vichwa vinatoka jasho pale mpaka wembe unateleza." Halafu akaongeza, taratibu, "Marehemu mwenyewe alishaachana na haya mambo. Alijua anaondoka."

Baba mdogo si mtu mbaya. Kwenye mazishi alilia mpaka wanaume wawili wakamshika. Lakini hilo neno, alishaachana, sikulikubali. Nikasema, "Hapana." Nadhani nilikiambia kitabu, maana hakuna aliyesikia. Nikarudia. Baba akageuka kama vile kiti kimeongea.

Unamjua Baba, hapendi kupiga kelele. Alifikiri, akasema, "Hiki kitu kilitaka kutuunguzia nyumba. Odeta, kama unaweza kuichaji bila moshi, na ikaruka siku ya kuganduka, majembe yakirudi kazini, basi itabaki hapa nyumbani. Isiporuka, Yoramu, njoo na bisibisi yako."

Hivyo ndivyo ndege yako ilivyowekwa kwenye mizani. Kaka, nilikuwa sijawahi kuirusha hata mara moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia na kuitupa hewani, wewe umekaa kwenye kigoda na rimoti mapajani, kwa sababu ugonjwa wako wa selimundu ulikuwa umekunyima kukimbia. "Kimbia kwa ajili yangu," ulikuwa unasema, "mimi nitaruka kwa ajili yako." Na hata chaja hatukuwa nayo. Ile tuliyokuwa tukiazima ilikuwa ya yule kijana aliyekuja kupima misitu, naye aliondoka nayo alipohamishwa. Alikuja kutoa pole, akakaa kidogo, akalia kidogo, akaenda.

Baba alikuwa na haki ya kuogopa moshi. Nakumbuka ile betri ya kwanza. Kwetu Mishamo kila kitu tunakichaji kwa namna moja: taa, redio, tochi ya Bibi, unashika waya wa paneli, unachomeka, jua linafanya kazi yake. Basi na wewe ukachomeka betri ya ndege moja kwa moja kwenye paneli, saa sita mchana, ukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa imevimba kama andazi. Ukasema, "Odeta, usiiguse." Ukaisukuma kwa mwiko wa Bibi hadi kwenye mkeka wa mihogo, na hapo ndipo ilipolipuka. Mkeka uliungua, mihogo iliungua, na mwiko uliungua. Bibi aliuliza kwa upole kabisa, "Deo, mjukuu wangu, hii ndege inatumia mihogo?"

Baada ya hapo ulisoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, ukaja kunieleza kama mwalimu. Ulisema ndani ya betri ile kuna seli tatu, na ukizichaji kwa waya mmoja ni sawa na kuwawekea watoto watatu sahani moja ya ugali: mwenye haraka atakula mpaka avimbiwe, na mpole atalala njaa, ilhali wewe ukitazama sahani unaona tu chakula kimeisha. Ndiyo maana kuna ule waya mwembamba wa pembeni. Chaja nzuri hupitia ule kumtazama kila mtoto peke yake, ikamwambia huyu ngoja, huyu ongeza. Nilipenda sana mfano huo kwa sababu mimi ndiye yule mpole, na mwenye haraka alikuwa wewe.

Ukamwomba Bibi chungu chake cha maharage, ukakijaza mchanga nusu, na betri mpya ikawa inakaa humo. Bibi hajakirudisha jikoni mpaka leo.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Mpanda kwa Shangazi, kule Ilembo, na chungu kikiwa mapajani safari nzima. Kondakta aliniuliza kama ni mbegu. Nikasema ndiyo, kwa sababu kueleza kungekuwa hotuba.

Kuna duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Nilipita mbele yake mara nyingi nikijifanya naelekea kwingine. Niliandika maswali kwenye kiganja, jasho likayafuta. Nikaandika tena kwenye mkono, juu, chini ya sweta. Ulikuwa unaniambia kwamba vitabu vimenipa maneno yote isipokuwa la kwanza. Siku moja nikaingia na nikalisema: "Shikamoo." Muuzaji alikuwa kijana wa umri kama wako. Akacheka, "Marahaba, bibi. Nikusaidie nini?"

Nikamwambia nataka chaja ya betri ya ndege ya rimoti, seli tatu. "Aaa, droni!" Nikamwambia si droni, ni ndege. "Ina kamera?" Haina. "Sasa inafanya nini?" Nikamwambia inaruka. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie. Sikuwa na la kumalizia, Kaka. Inaruka. Kwani haitoshi?

Akaleta ya kwanza. Kidude chepesi chenye taa tatu, nyekundu zikigeuka kijani betri imejaa. Nikakitazama. Kina tundu la ule waya mwembamba, sawa, kinamtazama kila mtoto. Lakini kinachomekwa ukutani tu. "Huko kwenu mna umeme?" akaniuliza. Tuna sola. "Basi utakuwa unakuja kuchajia mjini." Kutoka Mishamo, kila tukitaka kuruka! Na pia hakina kioo. Taa ya kijani inakwambia imejaa, haikwambii kila seli ina kiasi gani. Mimi sikutaka kuambiwa tu. Nilitaka kuona.

Ya pili akaileta kwa mikono miwili kama keki ya harusi. Kubwa, kioo cha rangi, inachaji betri mbili kwa mpigo. "Mdogo wangu, hii ndiyo mashine. Inajaza kabla hujamaliza soda." Nikamwomba boksi nisome. Alikuwa hajawahi kuona mteja anayesoma boksi lote; akakaa, akachukua simu. Ni chaja nzuri, sikatai. Lakini imetengenezwa kwa mabetri makubwa, na ili ifanye kazi yake inataka umeme mwingi wa kuingia. Kwenye betri yetu ya sola ya zamani ingekunywa kama ng'ombe aliyeswagwa siku nzima. Na kujaza upesi kwa nini? Wewe ulinifundisha betri yetu isizidishiwe kasi kuliko ukubwa wake. Ile nguvu yote ingekaa bure, ikitushawishi tu kuiongeza siku tukiwa na haraka.

"Hakuna nyingine?" nikauliza. "Hakuna." Lakini nyuma yake, kwenye boksi la vitu vibovu, niliona pembe ya kitu cheusi. "Ile?" "Ile mbovu. Mteja aliirudisha. Haina hata waya wa kuchomeka ukutani." Nikaomba niione.

Kaka, haikuwa mbovu. Haikuwa imeundwa kwa ukuta. Ilikuwa na waya mbili nene zenye vibanio, chekundu na cheusi, vya kubana kwenye betri ya gari au ya sola, volti kumi na mbili. Kioo kidogo, kimekwaruzwa. Tundu za ule waya wa pembeni. Unaweza kuipunguza kasi mpaka chini kabisa. Na nilipobonyeza kile kitufe cha menyu kwa kucha ndipo nikaona lile neno ulilonifundisha, kwa Kiingereza chao: storage, kuhifadhi. Mtu aliinunua, akatafuta pa kuichomeka ukutani, akakosa, akaihukumu. Ikawekwa pamoja na vitu vibovu kwa sababu hakuna aliyeuliza inakula wapi.

"Hii ndiyo," nikasema. "Nimekwambia mbovu." "Siyo mbovu. Nipe betri ya pikipiki nikuonyeshe." Sijui nani alisema maneno hayo. Nadhani ulikuwa wewe.

Alinipa. Nikatoa betri yako kwenye chungu, nikapangusa mchanga, nikabana vibanio, nikachomeka waya mnene, kisha ule mwembamba. Kioo kikawaka. Na hapo zikaja namba tatu.

Zilikuwa sawasawa. Seli zote tatu, sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Na hazikuwa zimejaa, na hazikuwa tupu. Zilikuwa pale katikati.

Nilikaa kwenye kreti la soda. Muuzaji akauliza, "Imekufa?" Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

Najua maana ya namba zile, wewe ndiye uliyenifundisha. "Betri ikikaa imejaa inazeeka. Ikikaa tupu inakufa. Ukitaka kuirudia, iache katikati." Na betri haifiki pale kwa bahati, seli tatu sawasawa namna ile. Mtu lazima aiweke. Basi nikaikumbuka ile asubuhi. Mama anafunga kanga na sufuria kwenye kikapu, gari la kukupeleka hospitali linapiga honi, mifupa inakuuma mpaka midomo imekuwa myeupe, na wewe umeinama kwenye chungu cha Bibi. Mama alikuita. Hukuitika. Nilipochungulia mlangoni uliniambia, "Nakuja, nakuja, inamalizia." Miezi yote hii nilidhani ulikuwa unaaga. Wote tulidhani ulikuwa unaaga.

Hukuwa unaaga. Ulikuwa unapanga kurudi.

Waache waseme ulijua. Waseme uliachana na mambo ya dunia. Mtu aliyeachana hakai na maumivu yale kusubiri seli tatu zilingane. Nimekasirika tangu siku ile, Kaka, na hasira imenifaa kuliko machozi.

Hela ilitoka kwa Shangazi, nyingine kwa kuuza sungura wangu. Shangazi aliitazama chaja juu ya meza akasema, "Hiki ndicho kimekunyima kula? Hata sura hakina."

Sasa siku yenyewe. Unakumbuka tulivyoganduka kwa Babu: tangu azikwe hakuna aliyegusa jembe katika shamba lake, na siku hiyo majembe yote yaliyopumzika yakaletwa pamoja na mbegu, yakaombewa, na kila mmoja akalima mstari mbele ya watu, ili kazi ianze tena. Hivyo hivyo kwako. Shamba lako la maharage lilikuwa limejaa majani mpaka magotini. Watu walijaa uani. Majembe yalipangwa ukutani. Na mimi nikaenda nikaiegemeza ndege yako palepale, mwisho wa mstari wa majembe. Mama aliona. Akasogeza jembe lake kidogo ili bawa lipate nafasi.

Nikabana vibanio kwenye betri ya sola. Chaja ikalia. Pi, pi, pi. Kioo kikasema umeme wa kuingia ni mdogo. Nikatoa, nikafuta kutu, nikabana tena. Pi, pi, pi. Na hapo nikaelewa. Jana yake kwaya walikuja kuimba, na spika yao na kinanda walichomeka wapi? Walikuimbia vizuri mno, Kaka, walikuimbia mpaka betri yote ikaisha. Na mawingu yalikuwa yamefunika paneli.

Baba mdogo aliusikia ule mlio. Akaja na ile bisibisi, ilikuwa mfukoni kweli. "Si nilisema, mwanangu? Umejitahidi. Lete." Akanishika bega, kwa huruma. Ile huruma ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kelele.

Nikasema hapana. Na safari hii walisikia, maana nilipiga ukelele: "Katekista! Naomba pikipiki yako!"

Ua wote ukageuka. Katekista Simoni alikuwa ameshika biblia na kipande cha muwa. Akaniuliza, "Unatutoroka, binti yangu?" Watu wakacheka. Nilisikia uso unaungua, lakini nilishafika mbali. Nikamwambia nataka betri iliyo chini ya kiti. Alitazama pikipiki, akamtazama Baba, akafungua kiti mwenyewe. Nikabana chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi. Chaja ikawaka na kutulia. Ile ndogo ya ukutani ingefanya nini pale? Ile keki ya harusi ingefanya nini?

Nikaiweka kasi ya chini. Betri ndani ya chungu, chungu katikati ya ua. Wakakaa kuizunguka kama wanangoja maharage. Baba mdogo akavumilia kidogo tu. "Sasa ongeza basi! Si umesema ina namba? Weka ya mwisho, watu wana njaa." Na wengine wakaanza, ongeza, ongeza, na mkono mmoja ukaja kabisa mpaka kwenye vitufe.

Nikaufunika kwa mkono wangu. Nikawaeleza. Mimi, Odeta, niliwaeleza watu arobaini habari za watoto watatu na sahani moja ya ugali, na kwamba ukimlazimisha mmoja ale upesi atavimba, na mihogo ya Bibi waliiona wenyewe. Baba mdogo akafungua mdomo. Bibi akamkata: "Yoramu, wewe ulikuwa unaula ugali kabla haujaiva, ndiyo maana tumbo lako halina adabu mpaka leo. Kaa chini." Akakaa.

Namba zikapanda, zote tatu pamoja, polepole. Hapakuwa na moshi. Baba alikuja akaweka kiganja juu ya chungu. Baridi. Kiganja akakiacha palepale.

Halafu likaja ambalo sikulifikiria. Rimoti imo mkononi mwangu. Nani atakimbia?

Walitazamana. Baba mdogo Yoramu akavua viatu vyake vya kanisani, akavipanga pembeni, akaniuliza, "Nashika wapi?" Nikamwonyesha, chini ya tumbo, pua juu kidogo. Akauliza, "Isiponiacha?" Nikamwambia itamwacha. Akakimbia kwenye shamba lako, kitambi mbele, majani yakimkata miguu, na akaitupa huku akipiga kelele utadhani anafukuza nyani.

Ilishuka kwanza. Watu wakaguna. Nikavuta kama ulivyokuwa unavuta, kidogo, bila woga, na ikainuka. Yale mabamba meupe mepesi yaliyokuja yamezunguka friji la zahanati, uliyoyakata kwa kisu cha Mama yakawa ndege, yakapita juu ya uzi mwembamba wa moshi wa jikoni, juu ya mihogo, yakageuka. Bibi alikuwa anacheka na kulia. Niliruka kwa ajili yako, Kaka. Hukuniambia kwamba mikono inasahau kutetemeka.

Kutua sikutua vizuri. Niliiingiza kwenye mihogo na ncha ya bawa la kushoto ikavunjika. Ni kazi ya gundi tu. Baba alienda akaitoa mwenyewe, akaileta ameibeba kama mtoto, akaisimamisha tena ukutani pale mwisho wa majembe. Akasema, "Kazi ya Deo imeanza tena." Kisha kila mmoja akachukua jembe. Nilipewa mstari wangu, nikalima.

Baba mdogo alinijia baadaye, bado peku, anahema. Bisibisi akanipa mimi. "Feni nitatafuta nyingine," akasema. Akafikiri kidogo. "Lakini kweli haina kamera?"

Kaka Deo, nakuacha sasa, nimesharudi kwa Shangazi na kesho naingia darasani. Sikusamehe kuondoka, na sitajifanya nimekusamehe. Lakini nakuahidi: kila likizo itaruka juu ya maharage yako, nikiwa mimi na rimoti na Baba mdogo miguu peku, na hakuna mtu atakayesema mbele yangu kwamba ulikuwa umeachana nayo. Chaja iko kwenye kabati la Mama. Betri iko kwenye chungu, ndani ya mchanga. Sijaiacha imejaa, na sijaiacha tupu. Nilisubiri mpaka namba tatu zikalingana pale katikati, Mama akiniita, gari likipiga honi, na mimi nikamjibu, "Nakuja, nakuja, inamalizia."

Mdogo wako,
Odeta